Palizi ya Upande wa Chini

Kiwanja cha kwanza cha upande wa chini kilikuwa safi kama uso wa mtu aliyetoka kuoga. Mama Vigingi alikitazama, akaitazama kamba iliyozungushwa kwenye vigingi vyake vinne, akakitazama tena. Majani ya kampuni yalikuwepo, yamesimama kwa mistari kama yalivyopandwa. Kati ya mistari hapakuwa na kitu. Hata unyasi mmoja wa kusingizia.

"Weka mraba," alisema mkaguzi.

Akauweka. Ulikuwa mraba wa waya mzito, na kazi yake ilikuwa hiyo: kuulaza chini, kupiga magoti, na kutaja kwa sauti kila mmea uliomo ndani yake. Majani ya kampuni hayakuhesabiwa. Hayo yalipandwa, na kilichopandwa hakithibitishi chochote ila kwamba kuna mtu alilipwa kupanda. Kilichohesabiwa ni kile kilichokuja chenyewe, kwa upepo, kwa vinyesi vya ndege, kwa manyoya ya sungura: mchunga, kishonanguo, mbigili, vichipukizi vya miti ya porini. Hivyo vikirudi, serikali inakubali kwamba shimo la mgodi lililofukiwa limekuwa ardhi tena. Uzio unaondolewa, na wale waliokuwa na mashamba hapo zamani wanarudi.

"Taja."

"Hakuna."

"Hakuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mwavuli na viatu vya mpira, aliyezungumza kana kwamba maneno yanauzwa kwa kilo. Wakaenda kiwanja cha pili, na cha tatu, na cha mwisho. Vyote vimeng'olewa mpaka mizizi. Asubuhi hiyo hiyo, upande wa juu, Mama Vigingi alikuwa ametaja mimea mpaka mate yakamkauka, na mkaguzi akawa anaandika huku anatikisa kichwa kwa kuridhika. Sasa kalamu ilikuwa imerudi mfukoni.

"Mbuzi," alisema ofisa wa kampuni.

Alikuwa kijana nadhifu, kofia yake ngumu haijawahi kupata mkwaruzo. Alisema kuna mzee mmoja anapitisha mbuzi nje ya uzio kila siku kwenda kunywesha, na uzio wa upande huo una tundu.

"Mbuzi anang'oa na mzizi?" aliuliza mkaguzi.

"Udongo bado laini, mama. Akivuta, linakuja lote."

"Labda."

"Na kama ni mnyama," aliendelea ofisa, sauti imepata mafuta, "kanuni inaturuhusu. Mnyama akiharibu, tunachukua hesabu ya upande wa juu, tunaifanya ya eneo zima. Uzio wote unatoka. Wananchi wanafurahi."

"Na kama ni mkono wa mtu?"

"Hapo sasa kiwanja kinafutwa, upande huo unaanza upya msimu ujao. Lakini mtu gani aingie humu kung'oa magugu? Ana wazimu?"

Mama Vigingi alikuwa bado amepiga magoti. Kando ya kamba, mbele ya pua yake, udongo ulikuwa umevutwa kwa kiganja ukafanywa tuta jembamba lililonyooka, kisha likapigwapigwa kwa mgongo wa mkono likakaa. Katika dunia nzima alimjua mtu mmoja tu anayemaliza palizi namna hiyo. Tuta kama hilo lilikuwa nyuma ya jiko la nyumbani kwake, limezunguka bustani ya vitunguu.

"Wewe ndiye mtunza viwanja," mkaguzi alimwambia. "Una neno?"

Neno lilikuwepo. Lilifika kwenye meno, likageuka.

"Sijui, mama."

"Basi kesho asubuhi. Langoni. Waitwe wenye mashamba, na huyo mwenye mbuzi."

*

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, mjukuu amelala mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesubiri kuulizwa. Mama Vigingi alimwamkia, akamchukua mtoto, akaketi kumnyonyesha.

"Haya," alisema mama mkwe. "Wageni wamekuja?"

"Wamekuja, mama."

"Wameona?"

"Wameona."

"Wakasemaje?"

Mama Vigingi alimrekebisha mtoto titi, ingawa alikuwa amelishika vizuri.

"Mama, ulipitaje pale?"

"Nilipita mlangoni, kwani mimi mwizi? Mlinzi nimemwambia, mimi ni mama wa yule wa vigingi. Akanifungulia, na kiti akanipa. Kijana ana adabu yule." Alijikunja kufukuza kuku. "Mwanangu, nisikilize. Mimi sikusema kitu siku zote, maana kazi yako siijui. Lakini juzi napita na wenzangu, tunatoka kuteka maji, mmoja akasema: hivi vile ndivyo viwanja vya mkweo? Magugu mpaka magotini. Yaani wamemwekea kamba na vigingi vizuri, halafu ndani pori. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikajiuliza, ndiyo wageni wakubwa wanakuja, mke wa mwanangu akasimame kwenye aibu ile? Na mtoto mchanga, apalilie saa ngapi? Nikasema hapana. Kazi hiyo naiweza."

"Upande wa juu hukwenda."

"Upande wa juu unanihusu nini? Kule si kwangu." Alitabasamu kidogo. "Pale chini ndipo kwangu. Udongo wameuchanganya hao, lakini ule mteremko naujua. Nimeinama, mgongo wenyewe ukakumbuka."

Mama Vigingi alijaribu. Alisema polepole, kama alivyoelezwa yeye na mwalimu wa masomo ya jioni aliyemwombea ile kazi, kwamba wakaguzi hawatafuti usafi. Wanatafuta hayo hayo magugu. Wanayahesabu moja moja, yakiwa mengi wanafurahi.

Mama mkwe alimtazama, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wanahesabu magugu. Watu wazima. Na gari wamekuja nalo."

"Kweli, mama."

"Shule ya jioni hiyo, mwanangu, itakumaliza. Mtu anasoma mchana, jua likimwona." Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Haya, niambie la maana. Shamba wanalirudisha lini?"

Mtoto aliachia titi, akapiga mbweu. Mama Vigingi akamweka begani, akampigapiga mgongo kana kwamba hakusikia.

*

Mumewe alikuwa fundi baiskeli, karakana yake ilikuwa ukuta wa nyumba na kipande cha bati juu. Alimsikiliza mkewe huku anazungusha gurudumu lililopinda, akilitazama linavyoyumba. Aliposikia yote alilisimamisha kwa kidole.

"Wanasema mbuzi?"

"Wanasema mbuzi."

"Na ikiwa mbuzi, uzio unatoka wote?"

"Wote."

"Basi ni mbuzi."

"Baba mtoto."

"Nini? Wewe umesema ni mbuzi? Hukusema. Ofisa kasema. Kasoma kuliko wewe. Wewe nyamaza tu. Siku moja, mke wangu, si miaka. Mama anarudi shambani kwake kabla mgongo haujamkatalia kabisa."

"Na Kidevu? Mbuzi wake watafungiwa kwenye yadi ya kampuni mpaka alipe faini. Atalipa na nini, na mali yenyewe ndiyo hao mbuzi?"

"Kidevu nitamtengenezea baiskeli bure mpaka afe."

"Hana baiskeli."

Fundi alitaka kucheka akajizuia. Alichukua spana, akaiweka chini, akachukua nyingine ya ukubwa ule ule.

"Mama yangu nimemwona analia siku moja tu," alisema. "Baba alipokufa hakulia mbele yetu. Alilia siku tingatinga lilipoingia lile shamba na mahindi yakiwa bado kuvunwa. Alisimama pale na ungo mkononi. Sasa wewe unataka kesho asimamishwe mbele ya watu, aambiwe shamba lako umejinyima mwenyewe. Kwa sababu ya kishonanguo."

"Sitaki."

"Basi nyamaza."

"Nikinyamaza, kesho kutwa nikikutana na Kidevu kisimani nimsalimie vipi?"

"Kama kawaida. Hujambo, sijambo. Watu wanaishi na makubwa kuliko hayo."

Alisema kweli, na Mama Vigingi alijua kwamba alisema kweli, na hilo ndilo lililomkosesha hamu ya chakula jioni hiyo. Mama mkwe aliona sahani imejaa, akasema anayenyonyesha haachi chakula, akamrundikia kingine juu yake.

*

Watu walifika langoni mapema, kama watu wanavyofika mahali wanapodai. Walisimama upande mmoja, kampuni upande mwingine, katikati meza ya plastiki. Mama mkwe alikuwa amevaa gauni lake la kutokea. Alisimama mbele kabisa, mikono ameikunja tumboni, akiwaitikia watu salamu kama mwenyeji wa shughuli.

Ofisa alisoma. Upande wa juu umefaulu. Upande wa chini umeharibiwa na mifugo. Kwa hiyo kampuni inapendekeza eneo zima lifunguliwe. Watu wakaguna kwa furaha. Na mwenye mifugo atachukuliwa hatua. Watu wakaguna tena, tofauti.

Kidevu alisukumwa mbele, na mtu yeyote asingesema nani alimsukuma. Alikuwa mzee mwembamba, ndevu zake zimemfanya afanane na mali yake, jambo ambalo watoto walikuwa wamekwisha kulisema miaka mingi.

"Mbuzi wangu," alisema, "wameingia, wakakuta majani yenu mabichi na magugu. Wakala magugu, wakaacha majani. Wakatoka. Ndivyo ilivyo?"

"Ndivyo inavyoonekana, mzee."

"Basi msiwafungie, waajirini."

Watu walicheka. Ofisa naye alitabasamu, kisha akasema utani ni mzuri lakini tundu la uzio lipo na mashahidi wa mbuzi wapo, na leo hii mbuzi wataletwa yadini. Kicheko kikafa. Kidevu alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kumtetea, na kila aliyetazamwa alikuwa na kipande cha shamba ndani ya uzio ule. Wengine waliinamisha vichwa. Mwingine alimfunga mwanawe kifungo cha shati kilichokuwa kimefungwa.

"Mimi nimenywesha mbuzi njia hii kabla hawajachimba," alisema Kidevu, sasa kwa sauti ndogo. "Tundu silijui."

"Mtunza viwanja," alisema mkaguzi. Hakuwa ameinua macho mezani. "Jana ulisema hujui. Umelala. Umeamka. Bado hujui?"

Mama Vigingi alikuwa amevaa kizibao cha njano cha kampuni. Alimwona mumewe nyuma ya watu, ameegemea baiskeli ya mteja, anatazama kengele yake.

"Si mbuzi," alisema. "Imeng'olewa kwa mkono. Mkono umetoka nyumbani kwangu."

"Wa nani?"

"Mimi ndiye niliyekabidhiwa viwanja. Niandikeni mimi."

"Sikuuliza tumwandike nani."

Hapo mama mkwe alisogea, taratibu, kama mtu anayesahihisha mtoto mbele ya wageni bila kutaka kumwaibisha.

"Kwani shida iko wapi? Nimepalilia mimi. Aandikwe yeye kwa kazi ya mikono yangu? Nimepalilia kabla hamjafika, peke yangu, na nimepalilia vizuri, nendeni mkaone. Msimsumbue huyu, ana mtoto mchanga."

Mtu mmoja alipasuka kucheka nyuma. Wengine wakafuata. Mama mkwe naye alicheka kidogo, kwa kuwa wote wanacheka, kisha akaona kwamba yuko peke yake upande wa kicheko chake.

Mkaguzi aliinuka. Alizunguka meza, akasimama karibu na yule mama, akafunga mwavuli. Alimweleza kwa maneno mengi kuliko aliyokuwa amesema tangu afike. Mama mkwe alimsikiliza huku anatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo, na mahali fulani katikati kichwa kikaacha kutikisika.

"Yaani," alisema, "yale magugu ndiyo yaliyokuwa yanakuja kunirudishia shamba?"

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nikayang'oa."

Mkaguzi aliufungua tena mwavuli wake.

"Mkwe wangu aliniambia," alisema mama mkwe, kwa watu wote na kwa hakuna mtu. "Aliniambia jana. Nikamcheka."

Mambo mengine yaliisha haraka, kama yanavyoisha yakishakuwa ya makaratasi. Upande wa juu unafunguliwa. Upande wa chini unawekewa vigingi vipya, uzio unabaki, hesabu ni baada ya mvua nyingine. Kidevu anaweza kwenda. Mlinzi akaonywa. Mtunza viwanja, alisema ofisa, hawezi tena kushika viwanja, hilo analielewa mwenyewe. Lakini kampuni haina roho mbaya, kitaluni wanahitaji mtu wa kujaza udongo kwenye mifuko ya miche. Malipo ya huko yanajulikana. Aripoti Jumatatu.

"Na kizibao," alisema. "Kizibao ni cha mtunza viwanja."

"Nikirudishe lini?"

"Si umekivaa?"

Akakivua pale pale. Ndani alikuwa na blauzi ya zamani ya kunyonyeshea, na asubuhi ilikuwa ndefu, maziwa yalikuwa yamemtoka yakachora maduara mawili kifuani. Alimpa ofisa kizibao kwa mikono miwili. Ofisa alikipokea akitazama pembeni, masikio yamemwiva, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu hajafikiria.

Mama mkwe alivua mtandio wake. Alimfunika mkwe wake mabegani, akaukutanisha mbele, akaufunga fundo chini ya kidevu kama anavyofungwa mtoto siku ya baridi. Hakumtazama usoni. Kisha alitangulia njia ya nyumbani kichwa wazi, na watu wakampisha.

*

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na adabu iliyopitiliza. Mama mkwe aliomba chumvi kwa kusema tafadhali. Fundi alimaliza kazi za wateja ambao hawakuwa na haraka. Hakuna aliyemlaumu Mama Vigingi, na hilo lilikuwa zito kuliko kulaumiwa, maana lawama hujibiwa. Usiku mumewe aligeukia ukutani, lakini asubuhi alimpeleka kitaluni kwa baiskeli bila kuombwa, na njiani akasema, "Shikilia, kuna shimo," na hayo yakawa mazungumzo yao ya siku.

Kitaluni alijaza mifuko. Udongo, mchanga, samadi, chota, kandamiza, panga. Wenzake walimwita Mama Vigingi bado. Jina halikujua kwamba amefukuzwa.

Uzio wa upande wa juu ulipotolewa, watu waliingia na majembe na watoto na makelele. Kidevu alipita na mbuzi wake njia ile ile. Alipofika mbele ya nyumba ya fundi alisimama, akamwamkia mama mkwe, wakaulizana habari za mgongo na habari za mbuzi. Mwishoni alisema mkwe uliye naye, dada, mshike. Mama mkwe akamjibu kwamba amemshika, ila ana mdomo. Kidevu akasema mdomo huo ndio umeniachia mbuzi. Mama mkwe akasema najua, Kidevu, nenda zako, jua linapanda.

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, alimwuliza mkwe wake swali ambalo halikuwa la chumvi.

"Yale ya majani mapana. Yenye maua ya zambarau. Nayo yanahesabiwa?"

"Yanahesabiwa, mama."

"Na yale yanayonata kwenye nguo?"

"Hayo wanayapenda sana."

Mama mkwe alifikiri. "Watu wa ajabu," alisema. Fundi alicheka kutoka kwenye karakana yake, na ingawa hakuna aliyejua kwamba alikuwa akisikiliza, nao wakacheka pia.

Mvua ilinyesha. Ilinyesha sana, ikaacha, ikanyesha tena. Jumapili moja mama mkwe alisema anataka kunyoosha miguu, na Mama Vigingi alimfunga mtoto mgongoni, akamsindikiza bila kuuliza wapi. Walishuka kwa njia ya kisimani mpaka kwenye uzio wa upande wa chini. Ndani, vigingi vipya vilionekana kwa shida. Kati ya mistari ya majani ya kampuni kulikuwa na fujo tupu: mchunga umepanda juu ya mbigili, kishonanguo kimejitandaza, na katikati ya kiwanja kimoja mti mdogo wa porini, umesimama kwa kiburi cha mtu asiyealikwa.

Mama mkwe alishika waya. Alisimama hapo muda mrefu, akitazama shamba lake linavyoota pori, na vidole vyake vilikuwa vikicheza kwenye waya bila yeye kuviamuru.

"Ule mchunga hapo ukingoni," alisema. "Umesongwa. Ukitolewa mmoja tu, mwingine utapumua."

"Hapana, mama."

"Nimesema tu."

"Msimu huu wakihesabu hivi, wanafungua."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi." Alivuta pumzi, akairudisha mikono nyuma, mmoja ukashika mwingine. Halafu akatazama miguuni pake, njiani, ambapo kishonanguo kimoja kilikuwa kimechomoza nje ya uzio, kichanga, kinang'aa kwa maji ya mvua.

"Na gugu hili?"

"Hilo liko nje."

"Halihesabiwi?"

"Halihesabiwi, mama. Hilo ni lako."

Mama mkwe alichuchumaa, magoti yakalia. Alilishika chini kabisa, penye shingo, akalizungusha kidogo, akalivuta likaja lote na mzizi wake mweupe. Akalipigapiga kisiginoni udongo ukamwagika. Alilitazama kama mtu anayetazama kazi yake, akalitupa mbali na uzio, kisha akanyoosha mkono ili mkwe wake amwinue.